Katlesi za Khitma

Watu wa kunifanya mjinga nawajua, ila sikutegemea mmoja wao awe Aflah, mtoto wa marehemu dada yangu Wadha, aniitaye Khaloo, mama yake mdogo.

Mwaka ule wa 2004 aliniomba katlesi mia mbili. Alisema anasomesha khitma ya mwaka ya mama yake, Alhamisi, msikitini Ghubra, wanaume watupu. Kazi ya khitma haina malipo, unatafuta thawabu. Nikatia udhu, nikaponda viazi na nyama, na kila katlesi niliyoifinyanga nilimwombea Wadha. Kila moja niliibonyeza katikati kwa kidole gumba, kama alivyonifundisha yeye, ipate kuiva mpaka ndani.

Alhamisi hiyohiyo jirani yangu Balqees akanichukua matembezini mtaa wa Qurum. Hoteli anayofanyia kazi Aflah ilikuwa imeigeuza bustani yake soko la Kihispania, na wageni walitembezwa banda kwa banda wakionjeshwa tapas, visahani vya vitu vya kudonoa. Nikapewa zeituni tatu na kipande cha jibini kama ukucha. Watu wazima kupimiwa chakula hivyo kuliniudhi, lakini aliyelipa ni Balqees, nikanyamaza.

Banda la nne alisimama Aflah, mkanda mwekundu kiunoni. Mimi saa ile nilimhesabu yuko msikitini. Hakuniona. Aliwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba vile vya kukaanga ni mapishi ya bibi mmoja wa kijijini Uhispania.

Nikachukua kimoja. Kidole gumba changu kikaingia kwenye kishimo sawasawa. Damu ikanichemka.

"Khitma imesomwa saa ngapi, Aflah?"

Akageuka, rangi imemtoka. "Khaloo, mpishi wetu kaugua, nkakosa la kufanya. Ntasomesha wiki ijayo, wallahi."

"Nnakuuliza, imesomwa?"

Akaanza kuzipanga upya katlesi kwenye sinia.

"Vua huo mkanda. Inua mikono, umsomee mama yako Fatiha. Hapa hapa."

Akasoma. Alipofika kulitaja jina la mama yake, sauti ikamkatika. Mzungu mmoja, akidhani ndiyo desturi ya Wahispania kabla ya kula, aliweka kisahani chini akainua mikono naye, na wenzake wakamfuata.

Nikaitikia amin huku machozi yananitoka kwa hasira. Kisha nikalitwaa sinia zima mbele yao, nikamwambia Balqees awashe gari, twende msikitini.