Mrija wa Akina Mama wa Mbugangari

Nyirarukundo alipoingia soko la Mbugangari na mtungi wa pombe ya mtama kichwani, wanawake wa chama waliacha kuzungumza. Hakuna aliyesimama kumpokea mzigo. Aliinama peke yake, akautua mtungi kwenye saruji bila kumwaga hata tone.

"Bon, Mutwa yenu amefika," alisema Mutoni, mama mnene mwenye dada zake Goma na mdomo usiojua kupumzika. "Nani atamupatia kiti? Mi sina kiti ya kutupa."

Wakacheka. Nyirarukundo aliketi chini, karibu na mtungi wake.

Kila mtu pale alijua amefuata nini. Alikuwa amefuata meza. Alikuwa Mtwa, wa kabila la wafinyanzi waliodharauliwa, na kwao ni Nyamyumba, kwenye mteremko wenye udongo mwekundu, na kama mama yake na bibi yake alifinyanga vyungu na majiko ya makaa. Aliyabeba hadi mjini na kuyapanga chini, kando ya barabara, kwenye vumbi. Kila asubuhi alikuja Kankindi, mwenyekiti wa chama cha wanawake wa soko, akayachukua yote kwa bei aliyoitaja yeye. Kisha Kankindi aliyapanga juu ya meza ya saruji, chini ya bati, na wanawake waliovuka mpaka kutoka Goma waliyanunua kwake. Siku moja Nyirarukundo hakurudi nyumbani mapema. Alisimama nyuma ya gunia la viazi akaona jiko lake, lenye alama ya kidole gumba chake pembeni, likiuzwa. Bei ilikuwa mara kadhaa ya ile aliyolipwa yeye.

Meza walipewa wanachama tu. Na mwaka ule, vita vya milimani vilipopungua na barabara zikaanza kupitika, alikuja msimamizi mpya wa soko, Bwana Evode, mmoja wa wale waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Nyirarukundo alimfuata, akamweleza. Evode akawaita wanawake, akawaambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba siku hizi hakuna Mnyarwanda wa kuketi barabarani na mwingine wa kuketi mezani. Huyu mfinyanzi aingizwe chamani kama walivyoingia wenzake wote.

"Kama sisi wote?" aliuliza Kankindi.

"Kama ninyi wote."

"Sawa, muheshimiwa," alisema Kankindi, akatabasamu. "Alete pombe."

Ndivyo walivyoingia wote. Anayetaka kuingia alileta mtungi wa pombe, na wanawake walikunywa kwa mrija mmoja, ukipita mdomo hadi mdomo. Mtu uliyenyonya naye mrija ule humfukuzi tena mezani, hata mkigombana mpaka mkatiana kucha usoni. Lakini tangu zamani hakuna aliyekunywa baada ya Mtwa. Kibuyu alichonywea kilitupwa. Maharagwe yao waliyapika katika vyungu vya mama yake Nyirarukundo, wakala wakashiba. Mdomo wake ndio waliouogopa.

Kankindi alikuwa na mpango, na hakuuficha sana. Alikaa mbele ya mtungi, akatoa mrija mrefu wa mwanzi, akauzamisha.

"Ngoja, mama," alisema Nyirarukundo taratibu. "Sijaonja."

Aliyeleta pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone hakuna kibaya ndani. Hata mtoto anajua. Na katika mji ule, ambako kila msiba ulianza na mnong'ono wa sumu, hakuna aliyekunywa kitu ambacho aliyekileta hakukionja.

"We utaonja mwisho," alisema Kankindi.

"Lakini desturi…"

"Desturi ni yetu ao ni yako? We ulizaliwa hapa juzi. Kaa kimya."

"Na akiisha kuonja, mrija nani atauweka mu kinywa?" alisema Mutoni. "Mume wangu atanifukuza ku nyumba."

Nyirarukundo akaelewa. Watakunywa wote, kisha mrija utavunjwa, na yeye atapewa masalio katika kopo. Kesho Kankindi atasema: hatukunywa naye, huyu si mwenzetu, atoke mezani. Alimtazama Evode. Evode alikuwa amesimama mlangoni, akiangalia saa yake.

"Bwana Evode, umesikia?"

"Akina mama, fanyeni haraka," alisema Evode. "Muhimu ni kuelewana."

Kankindi akanywa. Akafuta ncha ya mrija kwa kiganja, akampa jirani yake. Mrija ukapita mikononi, ukazunguka nyuma ya Nyirarukundo kana kwamba pale alipokaa hapakuwa na mtu, ukafika kwa Mutoni, aliyevuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Wakampa na Evode. Akanywa kidogo, akakohoa, akasifu.

"Pombe ni kali," alisema mmoja.

"Ya Watwa ni kali siku zote, hawana kazi ingine," alisema Mutoni. Kisha akanyamaza. Akashika tumbo. "Yebaba we."

"Nini?"

"Tumbo yangu. Inakatika." Akapiga mbweu ndefu, akainama, jasho likamtoka usoni. "Mungu wangu, inakatika!"

Nyuso zikageuka. Nyirarukundo aliona wazo likitembea kutoka kichwa hadi kichwa. Kisha mwanamke wa pembeni akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani alionja?"

Hakuna aliyeonja.

"Ametuua!" Kankindi alisimama kwa kishindo. "Huyu mbwa ametuua! Aliweka kitu ndani, kwa sababu ya majiko yake!"

Wakaruka wote. Mmoja aliingiza vidole kooni. Mwingine alimkamata Nyirarukundo nywele, mwingine akampiga teke mgongoni. Evode alikuwa ameshika koo lake mwenyewe, macho yamemtoka.

"Anywe!" alipiga kelele. "Mnywesheni, tuone!"

"Kunywa!" Kankindi aliuchomoa mrija ule ule, akauchovya tena mtungini, akamsukumia Nyirarukundo mdomoni mpaka ukamchubua fizi. "Kunywa, wewe!"

Nyirarukundo akafunga meno.

Alijua pombe ilikuwa safi. Aliipika mwenyewe, na shangazi yake alikuwa amekunywa kibuyu kizima asubuhi, akalala kwa furaha. Angeweza kunywa upesi na kuwatoa hofu. Lakini aliwatazama, mmoja mmoja, jinsi walivyotetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kushuka mjini na mizigo yake, hakuwa na haraka.

"Mrija wa nani huu?" aliuliza kupitia meno.

"Kunywa!"

"Wa nani?"

"Wetu! Wa chama!" Kankindi alikuwa karibu kulia. "Kunywa, nakuomba!"

"Na anayekunywa kwa mrija wa chama ni nani?"

Mutoni alikuwa akiugulia tumbo sakafuni. Kankindi alimtazama Mutoni, akatazama mtungi, akajishika tumbo lake.

"Ni mwenzetu," alisema.

"Sema kwa nguvu. Bwana Evode hasikii."

"Ni mwenzetu! Meza ni yako, shetani wewe! Kunywa!"

Nyirarukundo akanywa. Alivuta polepole, akameza, akavuta tena. Damu ya fizi ilichanganyika na pombe, akaimeza pia. Akaendelea mpaka mrija ukaanza kulia chini kabisa. Kisha akajifuta mdomo, akakaa palepale, wakamtazama wakisubiri afe.

Hakufa. Mutoni ndiye aliyekimbilia nyuma ya soko, na aliporudi, akiwa amepauka, alijiegemeza kwenye nguzo.

"Inaweza kuwa ile dagaa ya ziwa, sambaza," alisema. "Nilikula sambaza za juzi. Nilisikia harufu, lakini nikasema siwezi kutupa samaki."

Mmoja akaanza kucheka, akaacha haraka. Kankindi alikuwa ameukazia macho mrija mkononi mwake. Ndipo alipoona alichokifanya, yeye, kwa mkono wake, mbele ya wote. Akauvunja vipande.

"Alikunywa kama dawa," alisema. "Si kama mwenzetu. Haihesabiki."

"Umeniwekea mwenyewe mdomoni, mama," alisema Nyirarukundo.

"Bwana Evode, mwambie!"

Evode alikuwa akijifuta jasho kwa leso. Hakumtazama yeyote, hasa Nyirarukundo. "Amekunywa, mmemwona," alisema. "Apewe meza. Mimi nimechoka na nyinyi." Akatoka.

Siku ya soko iliyofuata, Nyirarukundo alipandisha majiko yake juu ya saruji, chini ya bati. Walimpa nafasi ya katikati, maana ndiyo iliyokuwa wazi. Alipopanga jiko la kwanza, mwuza vitunguu wa kulia alivuta kapu lake. Mwuza sabuni wa kushoto akavuta katoni zake. Nao wa mbali zaidi wakasogea, kila mmoja akimkimbia jirani yake aliyesogea, mpaka wote walibanana kwenye ncha mbili, viwiko ubavuni, vitunguu juu ya sabuni. Kankindi, aliyekuwa mwishoni kabisa, alisukumwa nje ya kivuli cha bati, juani, visigino vyake vikigusa mfereji wa maji machafu.

"Kaa peke yako sasa," alimwambia kwa sauti ya kusikika soko zima. "Hakuna atakayekaa karibu na we. Tuone."

Mwanamke wa Goma mwenye kapu kubwa alisimama mbele ya meza, akageuza jiko, akapitisha kidole kwenye alama ya gumba.

"Ni we mwenyewe unafanyaka?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Iko na ingine?"

Nyirarukundo alitazama saruji tupu iliyokuwa kulia kwake, kisha ile ya kushoto. Akainama, akafungua kamba za mzigo wa pili ambao hakuwa ametegemea kuupatia mahali, akaanza kuyapanga majiko, moja baada ya jingine, mpaka yakagusa kapu la vitunguu.

"Songeza vitu vyako!" alipiga kelele Kankindi kutoka juani.

"Songea wewe, mama," alisema Nyirarukundo, akaendelea kupanga.