Joho la Utepe wa Kahawia

Fundi Tepe hakuwahi kukanyaga darasa la chuo kikuu, lakini kozi zake zote alizijua kwa rangi. Miaka kumi na tano alikuwa akishona majoho ya wahitimu: utepe wa njano sheria, kijani kilimo, bluu uhandisi, zambarau muziki. Mweupe ulikuwa wa udaktari, na bunda moja la utepe huo, zuri kuliko yote, alilifungia kabatini likimsubiri bintiye. Ilibaki miaka miwili tu Kokoto awe daktari. Kila mteja alishaambiwa, hata waliokuja kubadilisha zipu.

Jina la Kokoto alimpa mwenyewe. Utotoni yule binti hakupita njia bila kuokota mawe, na hakuna mfuko wa sketi uliomaliza wiki. Baba anashona, yeye anatoboa.

Asubuhi hiyo orodha ya chuo ilifika kama kawaida: namba, vipimo na rangi, majina hakuna. Mkewe alisoma, yeye akaandika kwa chaki.

"Themanini na saba. Kahawia, jiolojia. Shingo kumi na tatu na nusu, mkono wa kulia ishirini na tatu, wa kushoto ishirini na mbili." Mkewe akakohoa. "Themanini na nane, njano..."

"Hebu rudi nyuma."

"Wapi tena?"

"Mama Kokoto, usinichezee! Mkono wa kushoto umepungua inchi nzima. Huo mkono nimeushonea tangu chekechea. Huyu ni mwanangu!"

Mkewe akaiweka orodha chini. "Ndiye. Alihama udaktari mwaka wa kwanza. Anamaliza mwezi ujao, na ameshindwa kukuambia. Anakuogopa."

"Kahamia kwenye mawe?"

"Mawe."

Lo! Fundi alipanda mori, akaizunguka cherehani mara mbili. Mtaa mzima umeshaambiwa, sasa uso atauficha wapi? "Kozi zimejaa tele pale, yeye akaona mawe tu!"

"Mtoto umemwita Kokoto kwa mdomo wako, ulitaka asomee meno?"

Fundi akajikaza, akajikaza, kicheko kikamponyoka. Alicheka hadi machozi. Kicheko kilipoisha, machozi yalibaki, maana neno moja lilikuwa halijatoka kichwani: anakuogopa. Hilo lilimuuma kuliko utepe wowote. Akafungua kabati.

Ijumaa wahitimu walikuja kujaribu majoho. Kokoto aliingia wa mwisho, macho chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Namba?"

"Themanini na saba," akasema kwa sauti ndogo.

Akamvisha. Joho lilimkaa barabara, mikono yote miwili ikaishia pale pale kwenye kifundo.

"Baba, nilitaka kukuambia..."

"Tia mikono mfukoni."

"Majoho hayana mifuko. Wewe mwenyewe huwakatalia watu kila mwaka."

"Nimesema tia mikono mfukoni."

Akapapasa. Mifuko ilikuwepo, kulia na kushoto, imeshonwa mara tatu kwa uzi wa turubai, na midomo yake imezungushiwa utepe mweupe, ule wa kabatini. Kokoto akamtazama baba yake, kisha akamrukia shingoni joho na yote.

"Haya," Fundi akasema. "Toboa sasa nione."