Mashine Mbili na Ulimi wa Oluka

Watu wa Malaba walikuwa wamekubaliana juu ya jambo moja: ukitaka ukweli kwa mzee Oluka, gawanya maneno yake kwa kumi, kisha ukaulize mtu mwingine. Alistaafu reli akiwa fundi wa mabehewa, na kwa maelezo yake mwenyewe aliwahi kusimamisha treni ya mizigo kwa kuipigia mluzi tu. Treni ikamtambua, ikasimama.

Lakini wiki hiyo Oluka hakuwa na hadithi. Binti yake Roselyn, aliyesomea uchongaji wa vyuma Kisumu, alikuwa ameitwa kazini Jinja. Naye ndiye aliyekuwa nguvu ya karakana yao, pale kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni ya kuingia Uganda na madereva huleta vyuma vilivyowavunjikia njiani.

"Baba," alikuwa amesema, "tukipata mashine ya kuchonga chuma, nabaki. Tukiendelea na tupa na msasa, mimi naenda."

Kiinua mgongo kilitosha mashine moja. Zilizokuwa sokoni ni mbili.

Moja ilikuwa dukani kwa Derrick kule Busia, mpya, bado imevaa nailoni, ndogo ya kukaa juu ya meza. Ya pili ilikuwa hapo hapo Malaba, kwenye vyuma chakavu vya Paulinus: jitu la zamani la kusimama chini, lenye meza nzito inayopanda ukizungusha mpini, kama mzee anayeinua goti.

Oluka alilipenda lile jitu tangu alipolitia machoni. Lakini alijiuliza: kijana gani wa leo anataka mtumba? Nikimletea kikongwe, kesho yuko Jinja. Basi akameza hamu yake, wakaenda Busia.

"Boss, hii inatumia umeme wa kawaida wa nyumba," Derrick akasema. "Unachomeka tu, unaanza kazi."

"Ni nzuri," akasema Oluka. "Ni mpya. Haina kutu."

Roselyn akamtazama kama mtu aliyeona jogoo akitaga. "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Sawa. Na ni ndogo, haitakusumbua mgongo."

Kumbe ameridhika! Roho ya Oluka ikanywea, akatabasamu hivyo hivyo. Derrick alishafungua kitabu cha risiti.

"Ngoja kwanza," akasema Roselyn. "Twende tuione ile ya Paulinus. Tuikatae tukiwa tumeiona, tusije tukaiota."

Kwa Paulinus walikuta kuku ametaga juu ya meza ya mashine. Akafukuzwa, akaondoka akitukana. Roselyn akashika mpini, akazungusha.

"Unazunguka robo nzima kabla meza haijashtuka. Imelegea hii."

"Madam, hata mimi goti limelegea na bado natembea," akajibu Paulinus.

Oluka akafunga mdomo. Akaufunga tena. Ukamshinda.

"Hii mashine naijua! Ilikuwa kwenye karakana ya reli. Ijumaa moja tulisahau kuizima. Jumatatu tunafungua mlango, imejichongea mtoto. Ndiye yule yuko kwa Derrick!"

Roselyn akaachia mpini, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Nini sasa?"

"Baba, wewe ukipenda kitu unakidanganyia. Mama unasema ulimfuata ukivuka mto juu ya mgongo wa kiboko. Halafu Busia nasikia 'haina kutu'. Nilidhani unaumwa!"

"Nilidhani unataka mpya."

"Na mimi nilidhani unataka ndogo. Kale kadude kakigusa chuma cha lori katatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Kulegea ni nati tu, hiyo nitachonga. Umeme mkubwa inaoutaka uko hapo jirani, kwa posho mill ya Mama Aguti anakosaga mahindi. Lakini beringi zikiwa zimekufa, tumepoteza wakati. Nipe mrija wako."

Hapo Oluka akasita. Mrija wa ajono, ile pombe ya wimbi ambayo Wateso huizunguka chunguni kila mtu na mrija wake mrefu, hauazimwi. Wa kwake ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, begani, hata kanisani. Hata shemeji yake hajawahi kuugusa. Akautoa.

Paulinus akavuta waya kutoka kwa Mama Aguti, akawasha. Roselyn akasimamisha ncha moja juu ya kichwa cha mashine, nyingine akaitia sikioni. Akasikiliza muda mrefu. Oluka aliona Jinja nzima ikimjia.

"Shika. Sikiza mwenyewe."

Sauti ilikuwa moja, laini, kama mama anayembembeleza mtoto bila kufungua mdomo. Hakuna mkwaruzo.

"Unasikia nini?"

"Beringi ni nzima," akasema Oluka. Kisha, alipovuta pumzi: "Na treni kutoka Nakuru. Iko Webuye. Imechelewa."

Roselyn akatoa simu, akapigia watu wa Jinja kuwaambia wasimngoje.

Siku ya kuihamisha, jitu lilivutwa juu ya magogo hadi ng'ambo ya barabara, na ukuta wa karakana ukabomolewa kulipisha. Ukimuuliza Oluka, foleni ya malori ilifika Nairobi. Roselyn anasema yalisimama machache, na madereva wakashuka kusukuma.

Yule kuku naye aliwafuata, na bado hutaga juu ya ile meza mashine ikizimwa. Hilo ni kweli tupu, na ndilo ambalo Malaba yote imekataa kumwamini Oluka.