Jina la Khadidja kwenye Karte

Siku ya mkutano wa karte mpya za matibabu, Asiya alitoka kwake mtaani Ngagara na uongo ndani ya mkoba. Uongo wenyewe ulikuwa kitambulisho cha mdogo wake, marehemu Khadidja, picha imefutika hata ungesema ni ya mtu yeyote. Nyuma yake alikuja jirani yake Léoncie, mjane mwenye presha, akipumzika kila baada ya nyumba mbili.

Usiwahukumu haraka. Tajudini, mume wa Asiya, alikuwa fundi wa magari ya serikali, na karte yake ilitibu nyumba nzima: mke, watoto, pamoja na shemeji yake Khadidja aliyekaa nao. Huyo Khadidja alikuwa na mwanya na kicheko cha kusikika avenyu ya pili, na akiosha sufuria mtaa mzima unajua. Kisha ikaja miaka ya risasi. Homa ikamshika siku ambayo barabara zote zimefungwa, akafa na karte mkononi, hospitali iko mwendo wa dakika kumi. Hakuna aliyekwenda kufuta jina lake. Miezi michache baadaye Léoncie akaanguka uani kwa presha, hana mume, hana karte, na Tajudini akasema tu, "Kwenye karte nafasi iko."

Asiya alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimfunga Léoncie, Mkatoliki wa kuimba kwaya, mtandio wa Khadidja, wakaenda zahanati. Muuguzi akafungua mlango akaita, "Khadidja." Léoncie akasimama. Asiya akalia pale kwenye benchi kwa kwikwi, watu wakadhani yeye ndiye mgonjwa.

Toka siku hiyo alimsindikiza kila mwezi, karibu miaka thelathini. Mvua inyeshe, magoti yaume, hata Tajudini mwenyewe alipokuwa amezikwa juzi tu na karte imebaki kwa mjane wake, tarehe ikifika Asiya alikuwa mlangoni kwa Léoncie na ule mtandio. Yeye asingekwambia sababu, lakini mimi nitakwambia. Dunia nzima palikuwa pamebaki mahali pamoja tu ambapo Khadidja aliitwa, na mtu akaitika.

Basi siku ya mkutano ukumbi wa zone, ofisi ya serikali ya mtaa, ulijaa hadi madirishani. Daktari Amandine, aliyetumwa na wizara, alieleza kwamba kila mtu atakuwa na karte yake, kwa jina lake, na picha na alama za vidole. Mwenye mshahara atakatwa, mfanyabiashara atachangia, fukara atalipiwa na serikali.

Gélase, karani mstaafu, akavua miwani. "Mi walinikata miaka makumi tatu na tano. Sasa wanikate tena juu ya mutu ambaye hawajamukata hata siku moja?"

"Huyo mutu ndiye anakushonea suruali, muzee," akajibu Shakuru, fundi cherehani. "Akikuambukiza kifua kikuu, utamuuliza kama walimukata?"

Watu wakacheka, Gélase naye akacheka shingo upande. Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Karte mutatupa. Na dawa je?"

Amandine hakuzunguka. Alisema dawa hazitoshi, na hazitatosha kama hawajui wagonjwa ni wangapi na ni akina nani. "Kuna watu wanatibiwa kwa majina ya wengine. Muje museme leo, hatutafuti mutu wa kufunga. Lakini ukiweka kidole chako kwa jina la mwingine, ndilo litakuwa jina lako mupaka kaburini."

Asiya alijifanya hakusikia. Kwenye foleni akatoa kitambulisho, akamsogezea Léoncie. "Shika. Kama kawaida yetu."

Léoncie hakukipokea. "Mama Houda," akasema taratibu, maana Houda ni kifungua mimba wa Asiya, "mi nikifa, kwenye musalaba wangu wataandika nani?"

"Nitawaambia ni we."

"Na we ukitangulia?"

Asiya alikasirika, tena sana. Alimwona huyu mwanamke kama anayemzika Khadidja kwa mara ya pili. Kisha akamtazama vizuri, na aibu ikamshika. Miaka yote hiyo Léoncie aliitikia jina la maiti, na yeye Asiya hakuwahi hata siku moja kumuuliza kama lilimuuma.

Walipofika mezani, karani aliifungua karte ya zamani, akasoma.

"Tajudini?"

"Amekufa."

"Khadidja?"

Hata kwenye dua Asiya alikuwa akisema tu "mdogo wangu", hakuwahi kuongeza "marehemu". Akarudisha kitambulisho mkobani.

"Amekufa," akasema. "Mwaka wa tisini na tano. Barabara zilikuwa zimefungwa."

Karani akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina. Asiya akamvuta Léoncie mkono, akamsogeza mbele. "Na huyu ni Léoncie. Alikuwa anatibiwa pale. Dawa zake zote ziko chini ya jina hilo mumefuta, muzihamishe."

Mwezi uliofuata walikwenda zahanati kama kawaida, Léoncie kichwa wazi, mtandio umebaki sandukuni kwa Asiya. Wakaketi kwenye benchi lao. Muuguzi akafungua mlango akaita, "Léoncie."

Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Léoncie alikuwa anatazama mlango, anangoja jina la Khadidja, na Asiya pia alikuwa anangoja lile lile.

"Simama," Asiya akamwambia mwishowe, akimgusa goti. "Ni we."

Léoncie akaingia. Dawa zake zilikuwepo, akatoka nazo mkononi, akasema twende. Asiya alimwomba akae kidogo. Wakabaki pale pamoja, Asiya akisikiliza majina ya wengine yakiitwa moja moja, la Khadidja halimo, mpaka wagonjwa wakaisha na muuguzi akafunga mlango.