Tanuri la Kijiti

Kwetu tanuri la mikate haliwashwi kimyakimya. Baba, aliyelijenga kwa mikono yake, alituachia sharti: anayewasha ainame mlangoni, amwite kila mtu wa kazi kwa jina, na kila mmoja aitikie akiwa nje. Ni tanuri kubwa, mtu huingia kwa magoti kufagia majivu, na moto hauna macho.

Aliyekuwa akiingia ni kaka yangu, tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake. Nikimwita, alijibu kutoka mle mle ndani, "Sipo!" Nilimtukana kila asubuhi, naye alitoka akicheka, masizi hadi kwenye kope. Kisha kifua kikamlaza, na tukamzika.

Baada ya mazishi nilirudi kazini. Nikainama, nikamwita mdogo wetu anayekanda unga, akaitika. Halafu ulimi ukateleza, nikamwita Kijiti. Na ndani nikajibiwa, sipo, kwa sauti yake kabisa. Nilimulika tochi nikaona matofali tu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mimi huyu, mwenye mdomo kama upanga, nikashindwa kuwasha kiberiti. Nilihisi ningemchoma ndugu yangu, na nyumbani nikawaambia hivyo. Wateja wakahamia kwingine, na mdogo wetu akasema kwa upole kwamba afadhali tuuze duka kabla njaa haijatuuza sisi.

Siku mnunuzi alipotarajiwa, mama alikuja amekumbatia koti la kazi la Kijiti. Akakaa juu ya gunia, akaanza hadithi ile ile aliyotulea nayo, ya vijana watatu waliotupwa tanurini kwa kukataa kuisujudia sanamu ya mfalme. Utotoni tuliicheza humu humu dukani. Kijiti na mdogo wetu walikuwa vijana, gunia la unga likawa kijana wa tatu, na mimi, kwa hasira zangu, nikawa mfalme. Wa nne, yule ambaye mfalme alimwona akitembea nao motoni, mama alikataa aigizwe. Alisema huyo tumwachie nafasi yake.

Nilimkatiza. "Mama, wale walitoka wazima. Wetu tumemzika."

Alililaza koti magotini.

"Najua nimezika nini," akasema. "Lakini mfalme ni wewe. Na mfalme alichungulia. Inama, uite."

Niliinama. Nikamwita mdogo wetu, akaitika nyuma yangu. Nikamwita Kijiti. Jibu lilikuja karibu sana na uso wangu, na nikawageukia mama na mdogo wetu. Walikuwa hawajasikia kitu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema hayupo."

"Basi mara hii mwamini." Akaninyooshea koti. "Sijalifua tangu aondoke. Linuse."

Koti lile halikuwahi kuacha kunuka moshi, hata lilipotoka kwenye sabuni. Mama alizoea kulalamika kwamba linanukisha nyumba nzima. Na wale vijana, nilikumbuka, walitoka bila hata harufu ya moto. Nikazamisha pua kwenye kola, nikavuta. Nikajaribu kwapani, nikajaribu mifukoni. Hakukuwa na moshi.

Nilimlilia kaka yangu pale pale mlangoni, kwa sauti, bila kujali nani anapita. Nilipomaliza, nikaomba kiberiti.