Musketoni Kumi Zilizofanana

Hapo Rumonge, mtu aliyetafuta kufuli isiyogoma au mnyororo wa kufungia pikipiki alielekezwa kwa Mwasiti. Kenkayeri yake, duka la vyuma, ilikuwa chumba kimoja tu, misumari na bawaba mpaka darini, lakini watu walisema mkono wake unasoma chuma. Alikuwa akiuweka msumari kiganjani, anautikisa kidogo, anakwambia huu utapinda. Na kweli ulipinda. Kwa hiyo mdogo wake Fahadi alipohitaji musketoni, hakumfikiria mtu mwingine.

Fahadi alikuwa na miaka ishirini na sita, na riziki yake ilikuwa juu ya michikichi. Alipanda, akakata mikungu, akashuka, akahamia mti mwingine. Lakini Jumapili zake zilikuwa za mwamba. Miaka miwili nyuma, Mswisi mmoja aliyekuwa na kazi ya mkataba Bujumbura alipigilia vyuma kwenye jabali lililo juu ya Magara, akawafundisha watu saba, Fahadi akiwemo, kupanda kwa kamba, kisha mkataba ukaisha, akaondoka. Aliwaachia kamba moja na degeni kumi na mbili. Degeni ni ukanda mfupi wenye musketoni mbili, yaani pete za alumini zenye mlango wa springi. Ya juu inashika chuma cha mwambani, ya chini inapitisha kamba. Anayepanda akianguka, degeni ya mwisho aliyoifunga ndiyo inayomdaka.

Miaka miwili ilikuwa imezila. Musketoni sita za chini zilikuwa zimechimbwa mfereji na kamba, ukingo wake mkali wa kukata kidole. Nne za juu milango yake haikujifunga tena, mpaka uisukume. Mwasiti alipoenda Bujumbura kuongeza mali ya duka, akapita mtaa wa Buyenzi kwa mzee Karimu, muuzaji wa vyuma vya kila namna vilivyotoka ng'ambo. Akampigia simu mdogo wake.

"Dada, chukua za mlango wa waya," Fahadi alisema. "Usichukue zile za mlango mzima."

"Waya si mwembamba mno?"

"Ndiyo uzuri wake. Mlango mzito, kamba ikicharaza, unajipiga na kufunguka wenyewe. Waya hauna uzito wa kujipiga. Lakini angalia pua. Pua iko..."

Sauti ikakatika. Mwasiti alipiga tena mara tatu. Simu iliita mpaka ikachoka, na alijua kwa nini: Fahadi alikuwa amerudi juu ya mchikichi, simu imebaki chini ndani ya koti.

"Pua ndiyo nini, mzee?" akamwuliza Karimu.

"Ni hapa, mlango unapokuja kujifungia." Karimu alimwonyesha kwa ukucha. "Zaidi ya hapo sijui, mama. Mimi nauza tu."

Basi Mwasiti akaangalia pua. Aliziangalia kwa haki, moja moja, kwenye mwanga wa mlangoni, akitafuta ufa, kutu, springi iliyolegea. Kila moja aliifungua na kuifunga mara kumi. Za waya zilikuwa za aina mbili. Kumi zilikuwa na jino dogo puani, waya unaingia chini yake na kukaa. Tano nyingine pua yake ilikuwa laini, imefunikwa, waya umefichwa ndani. Kote hakuona kasoro. Angeweza kuchukua tano laini na tano za jino, lakini miaka kumi na mitatu ya duka ilikuwa imemfundisha kwamba vitu vinavyofanana havina kesi. Bawaba mbili zisizo za ukoo mmoja ndizo zinazoleta mlango mbovu. Alichukua kumi zilizofanana.

Jioni, dukani Rumonge, Fahadi alizimwaga juu ya kaunta na kucheka kwa furaha. Kisha kidole gumba chake kikapita puani, na kikasimama hapo.

"Ziko na jino," alisema.

"Ni mbaya?"

"Upande wa kamba ni nzuri kabisa. Upande wa juu ndiyo hapana. Jino linaweza kunasa kwenye chuma, musketoni ikabaki inaning'inia kwa ncha ya pua, mlango wazi."

"Na ikining'inia hivyo?"

"Nguvu yake yote inaondoka, dada."

Mwasiti akaanza kuzikusanya. "Ijumaa narudi Bujumbura. Kuna tano za pua laini. Ngoja Ijumaa."

Lakini kesho yake, Jumapili, mwalimu Dismasi, mshika kamba wake, alikuwa ameshawaalika wazazi na wanafunzi wa shule yake waje kuona. Degeni zilizobaki hazikutosha kufika kileleni.

"Nitakuwa makini," Fahadi alisema. "Kila moja nitaitazama kabla sijaipita. Usijali. Umechagua vizuri."

Mteja angeuliza kufuli yenye walakini hata nusu, Mwasiti asingemuuzia. Kwa mdogo wake alinyamaza. Makosa yalikuwa yake, na mwenye makosa hana uso wa kukataza. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Jumapili alifunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya mwamba, akapanda Magara. Watu kama thelathini walikuwa wameketi kwenye nyasi. Dismasi alikuwa amejifunga mshipi, kamba mkononi. Walisalimiana, amahoro, amahoro, na Fahadi akaanza.

Alipanda kama anavyopanda mchikichi, bila haraka, kana kwamba kuna mtu juu anayemsubiri kwa upole. Degeni ya kwanza aliifunga, akaitazama, akapita. Ya pili hivyo hivyo. Juu ya hiyo kulikuwa na kibaraza chembamba cha jiwe, akasimama hapo akapangusa mikono, akafunga ya tatu. Akafika ya nne, akaifunga, akaitazama sana, akapita. Mwasiti alimwona akiitazama. Alitimiza alichoahidi.

Ila alipoinua mguu kuivuka, goti lake lilisukuma kamba, na kamba ikainyanyua ile degeni juu. Ilipanda kidogo, ikageuka, ikashuka. Haikushuka ilivyokuwa. Watu wengine hawakuona kitu. Mwasiti aliona. Musketoni ya juu ilikuwa imekaa upande, pua imenasa kwenye ukingo wa chuma, na mlango wa waya umebaki wazi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Ya nne."

"Nimeiona." Dismasi hakugeuza kichwa. Jasho lilimtoka nyuma ya sikio likashuka shingoni.

"Mwambie."

"Nikimwambia atatetemeka. Hapo alipo hapana pa kutetemekea."

"Basi legeza kamba. Itikise ijitoe."

Dismasi aliitikisa kamba taratibu. Degeni ilicheza, ikarudi palepale. Aliitikisa tena. Jino lilikuwa limeshika. Mwasiti alikuwa mita kumi chini yake, na angeweza kuitaja kila sehemu ya chuma kile, na hapakuwa na ngazi wala fimbo duniani ya kukifikia. Alijikuta vidole vyake vinafungua na kufunga hewa.

Dismasi akaamua. "Fahadi," aliita, kama anayemwita mwanafunzi asome. "Ya nne imekaa vibaya. Unaweza kushuka hatua moja?"

Fahadi aliinamisha kichwa, akatazama katikati ya miguu yake. Mguu mmoja ulitafuta chini, ukakosa, ukarudi.

"Siwezi," alisema. "Nilikotoka sina pa kukanyaga. Naenda ya tano."

Ya tano ilikuwa juu ya kichwa chake, urefu wa mkono na nusu. Alipanda. Aliipachika degeni kwenye chuma kwa mkono wa kushoto, akavuta kamba kiunoni aipitishe, akaibana kwa meno ili avute zaidi. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutikisika mpaka begani. Mwasiti aliomba, lakini maneno ya dua yalimtoka bila mpangilio, akawa anarudia jina la Mungu peke yake. Kamba iligusa mlango wa musketoni. Haikuingia.

Akaanguka.

Kamba ilikaza kwenye ya nne, ikalia kama kijiti kinachovunjwa, na ya nne ikaachia. Fahadi aliendelea kushuka. Alikipiga kile kibaraza kwa mguu wa kushoto, akapinduka, na ya tatu ndiyo iliyomdaka, akabaki ananing'inia chini yake huku Dismasi amenyanyuliwa kutoka ardhini. Wanawake waliziba midomo. Wakamshusha polepole. Alipofika kwenye nyasi kifundo cha mguu wake kilikuwa kimetazama pasipo pake.

"Usilie, dada," alimwambia. Mwasiti hakuwa akilia. Alikuwa amepiga magoti, hajui aguse wapi.

Walimbeba kwa turubai mpaka barabarani, wakasimamisha basi dogo lililotoka Bujumbura, abiria wakashuka kumpisha. Hospitalini mfupa ulipangwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukukaa. Daktari aliwaeleza bila kuwaficha: mguu upo, atatembea, ila kifundo hakitakunjika tena kama zamani. Mwasiti aliuliza kuhusu michikichi. Daktari alitikisa kichwa tu.

Mara mbili alijaribu kumwomba Fahadi msamaha, na mara mbili Fahadi alimkatiza. "Nililiona jino," alisema. "Nililigusa kwa kidole changu nikapanda nalo. Wewe ulichagua usichokijua, mimi nilichagua ninachokijua." Lilikuwa neno la huruma, na Mwasiti hakupata pa kuliweka. Afadhali angemtukana.

Ijumaa moja alikwenda Buyenzi. Hakujua anakwenda kufanya nini. Mzee Karimu alimkaribisha, akamwambia zile tano za pua laini mtu wa Gitega amezichukua. Mwasiti akamshukuru, murakoze, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Plasta ilitolewa baada ya wiki tisa. Asubuhi ya siku ya pili Fahadi alitaka kutoka uani peke yake. Kizingiti cha nyumba yao ni ubao wenye kimo cha kiganja, hakuna aliyewahi kukihesabu kuwa kitu. Alisimama mbele yake, akauweka mkongojo wake upande wa nje, akainua mguu wa kushoto. Kifundo hakikukunjika. Vidole viligonga ubao. Akarudisha mguu, akapumua, akainua tena.

Mwasiti alikuwa nyuma yake, hatua moja, mikono imenyooka pande mbili za kiuno chake bila kumgusa.

"Usinishike," Fahadi alisema.

"Sikushiki."

Vidole vikagonga ubao.