Shada Lililokosea Mlango

Mume wangu alifariki Jumatatu alfajiri, na albamu ya mjukuu wetu ilikuwa itoke Jumanne saa kumi na mbili jioni. Siku zile sikuweza kufikiria jambo lingine lolote zaidi ya hayo mawili, na hata hayo niliyafikiria kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa kituoni. Nilisoma, nikaelewa, nikasoma tena. Sikusikia kitu moyoni.

Mume wangu, Tak Gilsang, alifanya kazi ya reli hapa Jecheon miaka thelathini na nne. Alistaafu na saa yake ya mfukoni, na hakuiacha ichelewe hata sekunde moja. Mjukuu wetu, Yeoul, ni mwimbaji. Yumo katika kundi la wasichana sita linaloitwa Yeoseotbit, yaani mianga sita, na kwa miaka sita alisimama pembeni kabisa, mkono wa kushoto. Kila wimbo wao ulipotoka, babu yake alivaa miwani, akashika saa, akahesabu ni sekunde ngapi sauti ya Yeoul inasikika peke yake. Wimbo wa kwanza, sekunde saba. Uliozidi yote, sekunde kumi na moja. Aliandika kwenye kalenda ya jikoni.

"Kumi na moja," aliniambia. "Treni ya mizigo kwa sekunde kumi na moja haijang'oa hata behewa la kwanza."

Hakusema kwa hasira. Alisema, kisha akanimenyea pea, akanipa kipande cha katikati kwa sababu ndicho kitamu.

Mwaka huu kampuni iliamua wale wanne wengine wapumzike kidogo, na Yeoul na mwenzake Solbi watoe albamu yao wawili, kama kazi ya pembeni, kisha kundi lote lirudi. Watu mtandaoni walisema kundi linavunjika. Gilsang hakujali. Alikuwa tayari amelazwa hospitalini. Alinyoosha vidole viwili juu ya shuka.

"Wawili," alisema. "Basi ni nusu kwa nusu."

Wiki moja kabla ya kufa alinishika kifundo cha mkono. "Nikienda kabla hajaimba, usimwambie. Akishamaliza ndipo umwambie." Nikamjibu sawa. Nilikuwa nimemwambia sawa kwa miaka hamsini na moja, na neno lile lilitoka lenyewe.

Jumatatu mchana Yeoul alipiga simu kutoka Seoul. Tulikuwa tumeshahamia kwenye ukumbi wa misiba, chini ya hospitali, na picha ya babu yake ilikuwa imeshawekwa kati ya maua.

"Bibi, Babu anaendeleaje?"

"Amelala," nilisema.

"Akiamka mwambie kesho. Saa nane tunaimba nyimbo mbili mbele ya waandishi, saa kumi na mbili nyimbo zinatoka. Awe na saa yake karibu."

"Iko karibu," nilisema. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Mwanangu Honggyu, baba yake Yeoul, alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cha mfiwa mkononi. Aliningoja nikate simu.

"Mama, kesho saa kumi jioni wanamvisha sanda. Wakishamlaza kwenye jeneza, uso haufunuliwi tena. Unajua hilo."

"Najua."

"Yeoul hatamwona."

"Alitaka hivyo."

"Baba alitaka aimbe. Hakusema asimwone."

Nilikwenda kumimina supu ya wageni. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri siku zile zote mbili, haikumwaga hata tone. Honggyu hakunisumbua zaidi. Baadaye nilikuta amenikunjia mto na kuuweka mahali ninapokaa, mgongo wangu usigonge ukuta.

Sasa niwaeleze habari ya mashada. Mimi nimeuza kachumbari na mboga zilizochachushwa kwenye soko la kati miaka mingi, na wenzangu wa sokoni walikuwa wamechangishana kumpelekea Yeoul shada la pongezi siku ya onyesho lake. Lile kubwa la kusimama, la ghorofa tatu, maua ya waridi na mekundu, na utepe ulioandikwa pongezi. Gilsang alipofariki, wakachangishana tena kwa shada la rambirambi. Hilo nalo huwa ni la ghorofa tatu na utepe, ila maua ni meupe. Yote mawili walimwagiza Guk, muuza maua wa pale kwenye lango la soko. Guk angeweza kupiga simu Seoul na duka la huko likatengeneza la pongezi, ndivyo kila mtu afanyavyo. Hakutaka. Alisema mtoto wa soko letu hawezi kuletewa maua ya watu wasiomjua. Akayatengeneza yote mawili kwa mkono wake usiku kucha, akayafunika kwa mifuko, tepe akazikunja ndani zisichafuke njiani.

Jumanne saa tano asubuhi mkwe wa Guk alifika ukumbini na shada. Akalisimamisha mlangoni, akavua mfuko, akakunjua utepe, akapiga hatua mbili nyuma.

Maua yalikuwa ya waridi. Utepe ulisema: HONGERA KWA ALBAMU YA KWANZA! NYOTA WETU TAK YEOUL. WAFANYABIASHARA WA SOKO LA KATI.

Wageni waliokuwa wanakula waliacha vijiko hewani. Bibi Noh, muuza tofu, alijifunika mdomo.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Guk ametumaliza."

Mkwe wa Guk alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mama Honggyu, nilipewa lililo karibu na mlango. Naapa, nilipewa lililo karibu na mlango."

"Si kosa lako," nilimwambia. "Kaa ule supu."

Honggyu ndiye aliyeona kwanza. "Mama. Kama hili liko hapa, lile jeupe liko wapi?"

Nilimpigia Guk. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mama Honggyu, nimekwisha. Nimekwisha kabisa."

"Mpwa wako aliyepeleka la Seoul yuko wapi?"

"Ameshafika Seoul. Ameshashusha. Amenitumia picha, ndiyo naiangalia hapa. Maua meupe katikati ya mapambo, jina la marehemu hilo hapo, kubwa kama bango. Nilikuwa natafuta ujasiri nikupigie. Nipige tu, Mama Honggyu. Njoo na mwiko unipige."

"Mwambie alitoe."

"Amezuiwa mlangoni. Ameshatoka, hawamruhusu kuingia tena."

Honggyu alimpigia meneja wa wasichana mara sita. Simu iliita tu. Nilikaa kwenye ule mto. Nilijiambia, sasa utaogopa, lakini hata woga haukuja. Miguu yangu ilikuwa na ganzi, na ilikuwa kana kwamba ganzi ile imepanda mpaka kifuani ikakaa.

Kisha simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Bibi? Ni mimi, Solbi."

Nilimfahamu. Majira ya baridi alikuja nyumbani na Yeoul, akala mabakuli matatu ya tambi, akaosha vyombo bila kuulizwa huku Gilsang akimwambia aache, aache, mikono ya mwimbaji hiyo.

"Namba nimeipata kwa mtu wa maua, kaning'ang'ania nje anataka kuingia," alisema kwa sauti ya chini. "Nimesimama mbele ya shada."

"Umesimama vipi?"

"Nimeligeuzia mgongo. Utepe nimeuviringisha mkononi. Dada wa mavazi ananifokea eti nakunja gauni. Nimemwambia nasikiliza maua. Anadhani nimechanganyikiwa."

"Na Yeoul?"

"Chumba cha ndani, anapakwa macho. Hajaona. Bibi, ni kweli?"

"Ni kweli. Jana alfajiri."

Nilisikia anavuta pumzi kupitia puani, kama afanyavyo mtu asiyetaka rangi za uso zitiririke.

"Niambie nifanye nini," alisema. "Ukisema nifiche, nitaficha. Mimi mwongo mzuri, muulize mwalimu wetu wa dansi. Lakini Bibi…"

"Sema, mwanangu."

"Bibi yangu alifariki nikiwa bado mwanagenzi wa kampuni. Tulikuwa na mtihani wa mwezi. Nyumbani walingoja nimalize ndipo waniambie. Nilishika nafasi ya pili. Walifanya kwa wema, wote, siwalaumu. Lakini mpaka leo sijui sanda yake ilikuwa ya rangi gani. Nauliza, kila mtu ananiambia rangi tofauti."

Niliitazama picha ya Gilsang. Alikuwa amevaa tai niliyomfunga mimi, ile anayosema inambana. Nilimwahidi. Na hapa palikuwa na binti wa watu amesimama na utepe wa msiba wetu mkononi, anatukinga sisi sote kwa mgongo wake, ananiomba ruhusa aache.

"Mpe Yeoul simu," nilisema.

Ilichukua muda. Kisha nikasikia mashine ya kukaushia nywele, na sauti ya mjukuu wangu.

"Bibi, usinichekeshe, nina gundi ya kope."

Nilimwambia kwa sentensi moja. Sikujua sentensi nyingine.

Ile mashine iliendelea kunguruma. Mtu akaizima.

"Jana nilipopiga simu," Yeoul alisema.

"Ndiyo."

"Ulisema amelala."

"Ndiyo."

"Wanamvisha saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nikiimba zote mbili sifiki."

"Babu yako alitaka uimbe nusu yako."

"Bibi." Sauti yake ilikuwa tambarare kabisa, kama yangu. Nikajua amenirithi hilo. "Nitaimba mmoja. Mwambieni Babu anisubiri."

Nilikwenda kwa Bwana Pyeon, yule anayewavisha marehemu. Alitazama ubao wake. Saa kumi ilikuwa yetu, saa kumi na moja ilikuwa ya familia ya chumba cha pili. Hakuniambia haiwezekani. Alivua glavu, akafunga kifungo cha juu cha koti, akaenda mwenyewe kuwaomba. Alirudi na mama mmoja aliyevimba macho, nywele hazijachanwa, ambaye sikuwahi kumwona.

"Sisi tumeshafika wote," mama yule aliniambia. "Tutaingia saa kumi. Mtoto wenu aje." Akanishika kiwiko, akarudi kwao. Jina lake sikuliuliza, na hilo linanisumbua hadi leo.

Yeoul alifika saa kumi na moja na dakika chache. Meneja aliyemleta alibaki mlangoni ameinama, hajui aweke wapi mikono. Yeoul alikuwa ameshavaa nguo nyeusi ndani ya gari, lakini hakuwa amenawa uso. Kope zake zilimetameta kwa vumbi la fedha. Alipita mbele ya shada la pongezi lenye jina lake, akalisoma lote, akaingia.

Sanda ilikuwa ya katani, rangi ya mchele usiokobolewa. Niliona Yeoul anaitazama kwa makini. Kisha akaweka shavu lake juu ya shavu la babu yake, akakaa hivyo. Alipoinuka, vumbi lile lilikuwa limebaki usoni kwa Gilsang, juu ya shavu na kidogo kwenye nyusi. Bwana Pyeon alikuwa na kitambaa mkononi tayari. Aliangalia lile vumbi, akamwangalia Yeoul, akakirudisha kitambaa mfukoni. Wakamfunika uso.

Yeoul hakulia. Wala mimi. Honggyu alilia kwa niaba yetu, kwa sauti, na nilimshukuru.

Tulipokaa, nilimwekea Yeoul supu. Alikula wali wote.

"Wimbo wa pili ukawaje?" nilimwuliza.

"Dada Solbi kaimba peke yake. Sehemu yake na yangu. Aliwaambia waandishi nina msiba, akainama, akaimba. Dereva alituwekea matangazo yake kwenye simu njiani. Sehemu yangu ya juu alikwama kidogo."

"Alikwama?"

"Sauti yake haifiki kule. Anajua haifiki. Kaimba tu."

Guk alikuja mwenyewe, amevaa suti iliyonuka dawa ya nondo, akapiga magoti mbele ya picha mara mbili, kisha akasimama alivute shada la pongezi alitoe nje. Honggyu akamzuia.

"Liache, Mjomba."

"Honggyu, watu watasema nini?"

"Watasema Baba ana mjukuu mwimbaji."

Likabaki. Kila aliyeingia alilisoma, akatutazama, akainama.

Saa kumi na mbili kamili Honggyu aliweka simu yake kando ya picha na kuucheza wimbo wa kwanza wa albamu, sauti ya chini. Yeoul alikuwa ameegemea ukuta juu ya ule mto wangu, amelala mdomo wazi, kope bado zinameta. Nilitoa saa mfukoni. Sijui kuhesabu kama Gilsang. Mara ya kwanza mgeni aliingia katikati, ikabidi nisimame, hesabu ikapotea. Nikamwomba Honggyu auanze upya. Bibi Noh akaenda kusimama mlangoni, akawashikilia wageni nje kwa maongezi mpaka wimbo uishe.

Kalenda ilikuwa nyumbani. Niliandika kwa kalamu kwenye kiganja.

"Dakika moja na sekunde arobaini na moja," niliiambia picha. "Na nilimwambia kabla hajaimba. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi."

Kisha nikaitia saa ufunguo, kwa kuwa ulikuwa ndio wakati wake, na nikaenda kumpelekea supu yule mama wa chumba cha pili.